Juisi ya Ghorofa

Nyumba tuliyoishi Nachingwea ilikuwa ya shule. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka aliostaafu, katikati ya miaka ya elfu mbili, alitakiwa kuikabidhi kabla ya muhula mpya wa Januari. Ndugu zake wa Songea walidhani atarudi kwao. Walishaanza kupanga atalala chumba gani. Yeye hakutaka kurudi. Baba alizikwa Nachingwea nikiwa kidato cha pili, na mama alikuwa amefundisha Ruangwa kwanza, kisha hapa, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuishi kwao Ungoni. Alitaka kujenga chumba na sebule na kubaki.

Alikuwa ameona kipande cha shamba Nambambo, chenye mikorosho mizee na mahali pa wazi pa kuweka nyumba. Mwenyewe alikuwa bibi mjane wa Kimwera. Kaka yake, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye neno juu ya ardhi ya ukoo, alikwishasema kwamba atafuata atakachosema dada yake. Kwa hiyo lilibaki neno la bibi peke yake, na bibi hakuwa na haraka nalo. Alituma ujumbe kwamba atakuja kwetu Jumamosi, anywe maji, aone watu wenyewe wanaishije. Baada ya hapo ndipo atajua kama ana kiwanja cha kutoa au hana.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam na kurudi nyumbani kusubiri majibu ya maombi ya kazi. Mtu anayesubiri majibu hukosa kazi ya kuipa akili yake, na akili yangu haikujua kukaa bure. Ilikuwa ikishika jambo lolote lililo karibu na kulifanyia kazi kutwa nzima. Niliwahi kutafakari wiki nzima kwa nini karani wa posta alinisalimia "habari za masiku" badala ya "habari za leo". Mama aliponiambia habari ya ujumbe wa bibi, nilijua mara moja kwamba kinywaji ndicho kitakachoamua. Yeye mwenyewe alisema anywe maji.

"Ni msemo tu," mama alisema. "Nitachemsha chai na mihogo."

Nilimwambia chai na mihogo anaikuta kila nyumba. Nilimwambia kuna juisi niliiona Dar.

Iliuzwa kwenye kibanda karibu na chuo, ndani ya glasi ndefu, ikiwa na rangi tatu zilizokaa moja juu ya nyingine bila kuchanganyika. Muuzaji aliiita juisi ya ghorofa. Chini kulikuwa na parachichi, katikati embe, juu kitu chekundu ambacho sikuwahi kuuliza ni nini kwa kuogopa kuonekana mgeni wa mji. Niliinunua mara chache. Kila mara niliinywa taratibu kwa mrija, nikianzia juu, ili nisiiharibu, na kila mara iliharibika kabla sijafika katikati.

Kwetu juisi haikuwa hivyo. Miaka ya tisini, tulipokuwa Ruangwa, hakukuwa na umeme kwenye nyumba za walimu. Mama alikuwa akiyaponda maembe kwa mwiko ndani ya sufuria, anamimina maji ya kuchemsha yaliyopoa, kisha anakamulia kwenye kitambaa cheupe alichokitenga kwa kazi hiyo. Nyuzi zilibaki kwenye kitambaa, nasi tulizifyonza. Juisi ilikuwa na rangi moja na ladha ya moshi kidogo, kwa sababu kila kitu jikoni kilikuwa na ladha ya moshi kidogo. Aliyekuja aliwekewa kikombe. Mama alikunywa funda moja mbele ya mgeni, akageuza kikombe, akampa. Nilikua nikiona hivyo na sikuwahi kufikiri kwamba nilichokuwa nikikiona ni desturi. Nilidhani mama ana kiu.

Sasa Nachingwea tulikuwa na umeme, siku ulipokuwepo, na nilikuwa na blenda niliyotoka nayo Dar. Wiki ile nilifanya majaribio. Niligundua kwamba siri haikuwa rangi, ilikuwa uzito. Kizito kikae chini, chepesi juu, na kila tabaka limiminwe kwa mgongo wa kijiko lishuke ukutani mwa glasi bila kupiga kelele. Neno tabaka lilinisumbua kidogo. Chuoni tulilitumia kwa habari ya matajiri na maskini, na sasa nilikuwa nikilitumia kwa papai.

Papai nililiweka chini. Nililisaga bila maji na ndizi mbivu moja, likawa zito kama uji wa mtoto. Katikati niliweka mtindi na ndizi, mweupe. Parachichi halikupatikana sokoni, na nililichukulia hilo vizuri kuliko kawaida yangu. Shida ilikuwa tabaka la juu. Ukwaju ulitoa rangi ya matope. Embe lilifanana mno na papai. Mtu angedhani ni ghorofa moja iliyopasuka. Nilihitaji kitu chepesi, chenye kung'aa.

Ndipo nikafikiria mabibo. Ulikuwa msimu wake, yamelala chini ya kila mkorosho wilaya nzima, mekundu na ya njano, watu wakiyanyofoa korosho na kuyaacha. Juisi ya bibo ikitulia huwa na rangi ya asali nyepesi. Zaidi ya hapo, nilifikiri, bibi anatoka kwenye mikorosho, na mikorosho ndiyo tunayoiomba. Kumwekea bibo juu ya glasi kungekuwa namna ya kusema jambo bila kulisema. Nilijipongeza kwa wazo hilo.

"Bibo?" mama alisema. Alikuwa mezani akisahihisha mitihani ya mwisho ya maisha yake. "Kwa mgeni?"

"Litapendeza."

"Fanya. Lakini chai na mihogo iwepo."

Ijumaa asubuhi niliokota ndoo ya mabibo kwa jirani. Bibo lina ukakasi unaokwaruza koo, na hilo nililifikiria kwa kina. Niliyaosha kwa maji ya chumvi, nikayakamua kwenye kile kitambaa cheupe cha mama, ambacho hakikurudi kuwa cheupe, maana doa la bibo halitoki. Nikatia maji ya mchele yaliyochemshwa, mazito, ambayo huushika ukakasi na kuuzamisha chini. Ikabaki kusubiri. Juisi ilikuwa na ukungu, na juisi yenye ukungu haitoi tabaka zuri. Niliifunika kwenye mtungi na kuiacha itulie hadi kesho yake. Nilifikiria nzi. Nilifikiria urefu wa mirija. Nilifikiria kama bibi ana meno, na kama mrija kwa mtu asiye na meno ni heshima au dhihaka.

Jumamosi asubuhi juisi ya bibo ilikuwa imetulia na kung'aa kama kioo. Niliiteka kwa kikombe bila kuutikisa mtungi. Glasi zote zilikubali. Papai chini, mtindi katikati, bibo juu. Niliziangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bibi alikuja na binti yake, mama wa makamo aliyezungumza Kiswahili cha haraka na aliyekuwa akimtafsiria mama yake pale Kimwera kilipozidi. Bibi mwenyewe alikuwa mfupi, mkavu, amevaa kanga mbili mpya na ushungi. Meno alikuwa nayo.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Marahaba. Huyu ndiye msomi?"

"Ndiye," mama alisema.

"Kasomea nini?"

Mama akanitazama. Nikaanza kueleza. Binti akatafsiri kwa neno moja la Kimwera, bibi akatikisa kichwa kwa huruma.

Wangoni na Wamwera ni watani, na kwa watani salamu ni nusu ya matusi. Sikuwa nimelifikiria hilo kwa sababu lilikuwa jambo la wazee.

"Mwalimu," bibi alisema akikaa, "babu zako walikuja huku na mikuki. Babu zetu wakakimbilia milimani. Leo Mngoni anaomba kiwanja mchana, mlango uko wazi. Mmeishiwa mikuki?"

"Tulichoka, Mama," mama alijibu. "Tutamkimbiza mpaka lini mtu anayejificha nyuma ya mkorosho?"

"Na mkorosho huo huo ndio unaoutaka."

"Ndio huo huo."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. Niliona mambo yanakwenda vizuri, nikaona wakati umefika. Nilileta sinia.

Nilimwekea bibi glasi yake, binti yake, na mama. Bibi aliinama akaitazama glasi kutoka upande, kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Hii nini?"

"Juisi, Bibi. Inaitwa juisi ya ghorofa."

Binti akatafsiri. Bibi akaangalia kuta za nyumba ya shule, akairudia glasi.

"Watu wanatafuta pa kujenga," alisema, "kumbe ghorofa wanayo."

Wote watatu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo. Kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyegusa glasi yake. Mama alikuwa amegeukia dirishani kumjibu mtu aliyepita nje na salamu. Nilisimama na sinia tupu. Nilifikiri ni mirija. Nilifikiri ni rangi, kwamba pengine inafanana na dawa. Nilifikiri wanasubiri Bismillahi, au wanasubiri mimi niondoke. Binti alinitazama mikono, kisha usoni, kisha mikono tena.

"Mpishi haonji?" bibi aliuliza.

Nilielewa neno, sikuelewa swali. Nilidhani ananiuliza kuhusu mapishi.

"Bibi, ukiionja inavurugika," nilisema. "Haitakiwi kuonjwa."

Sentensi ile nimeifikiria sana tangu siku hiyo. Haikuwa na kosa la sarufi. Lakini ukiitamka mbele ya watu ambao tangu utotoni wamepewa kikombe baada ya mwenye nyumba kunywa funda la kwanza, ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichotiwa ndani, hakuna namna ya kuisikia vizuri.

"Makubwa!" binti alisema. "Kinywaji kisichoonjeka!"

Mama aligeuka kutoka dirishani. Bibi alikuwa ameinua glasi, si mdomoni, puani. Akanusa. Akanusa tena.

"Hili bibo."

"Ndiyo, Bibi."

"La leo?"

"La jana," nilisema. "Nililiacha litulie."

Binti aliweka glasi yake mezani, akaisogeza mbali kwa kidole kimoja.

Kila mtoto wa wilaya ile anajua kinachotokea kwa maji ya bibo yakilala. Nami nilijua. Huanza kuchemka taratibu yenyewe, na baada ya muda huwa uraka, pombe inayonywewa vilabuni msimu mzima, na uraka ukipikwa hutoka gongo. Nilijua hayo yote kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Lakini nilikuwa nimeyaweka upande wa vilabu, na juisi nimeiweka upande wa glasi, na kwa wiki nzima pande hizo mbili hazikukutana kichwani mwangu. Nilikuwa nimefikiria nzi.

Bibi alikuwa mtu wa swala tano. Aliiweka glasi katikati ya meza na kumtazama mama.

Nilijua mama angeweza kusema nini. Angeweza kusema ni juisi tu, Mama, imekaa usiku mmoja, haina neno. Huenda ingepita. Bibi angeshika glasi kwa heshima, asingekunywa, wangeongea mengine. Nilimwomba kimoyomoyo aseme hivyo. Nilihesabu kila kitu kilichokuwa nyuma ya glasi ile: mikorosho, mahali pa wazi pa nyumba, kaburi la baba upande wa pili wa mji, chumba kilichopangwa Songea.

Mama alichukua kijiko, akachota tabaka la juu la glasi ya bibi, akaweka mdomoni. Alikaa nalo. Uso wake ulikuwa ule wa kusahihisha mtihani, usioonyesha alama mpaka ziandikwe.

"Imeanza," alisema.

Alikirudisha kijiko mezani.

"Usinywe, Mama. Imeanza kuchacha. Haijawa uraka, lakini imeshika njia." Akamgeukia binti. "Na wewe, dada yangu, usinywe."

Binti alitafsiri, ingawa sidhani kama kulikuwa na haja. Bibi alitikisa kichwa polepole, akaninyooshea kidevu.

"Mwanao kalikoroga."

"Kalikoroga," mama alisema. "Basi tutalinywa wenyewe."

Alichukua kijiko kile kile, akakizamisha mpaka chini ya glasi, akakoroga. Papai likapanda, mtindi ukashuka, bibo likapotea, kukawa na kitu kimoja chenye rangi ya matofali mabichi. Akauweka mrija kando, akainua glasi, akainywa yote. Sisi ni Wakatoliki. Kwake haikuwa na neno. Alifuta mdomo kwa kiganja.

"Tamu," alisema. "Lakini si yenu."

Bibi alicheka tena, safari hii bila sauti, mabega tu. Nilileta chai na mihogo. Mama alimimina, akanywa funda, akampa bibi kikombe. Wakala, wakataniana habari za mikuki na milima, wakataja wafu wa pande zote mbili. Habari ya kiwanja haikutajwa hata mara moja. Kwenye kuaga bibi alisema, "Tumekula, tumecheka," na akaenda zake na binti yake, wakipita kivuli cha upande wa pili wa barabara.

Nilikunywa glasi mbili zilizobaki, kwa mrija, kuanzia juu. Sikuona sababu ya kuzimwaga.

Siku zilizofuata nilitafakari. "Tumekula, tumecheka." Kwa nini hakusema tumekunywa? Ni kwa sababu mihogo ndiyo iliyokuwa nyingi, au ni namna ya kutaja kinywaji kwa kutokitaja? Nilimtungia bibi maelezo marefu kichwani, yenye sehemu ya uzito wa vimiminika na sehemu ya nia njema. Nilimwuliza mama anadhani jibu ni nini. Aliniambia jibu la bibi analo bibi. Alikuwa ameanza kupanga vyombo kwenye maboksi, na maboksi hayakuandikwa yanakwenda wapi.

Wiki iliyofuata, asubuhi, binti wa bibi alibisha hodi. Alikuwa na kikapu kichwani. Nilimsaidia kukitua. Kilijaa mabibo yaliyoanguka alfajiri ile, bado yana unyevu, mengine yana mchanga.

"Mama kasema haya ni ya mikorosho yenu," alisema. "Na kasema mpishi asiyalaze."

Nilisimama na kikapu. Yenu. Nilifikiri pengine ni Kiswahili cha kutafsiri, kwamba kwa Kimwera imesemwa hivi na ikatoka vile. Nilifikiri pengine ni adabu tu, kama mtu anavyosema nyumba yenu hii. Nilifikiri pengine ni utani, na utani wenyewe sikuujua vizuri.

"Kasema yenu?" niliuliza. "Au yetu?"

Alinitazama kama alivyonitazama mikono siku ile.

"Kaka, mimi na wewe tunaongea lugha gani? Kasema yenu."

Mama alitoka chumbani. Alikuwa amesikia. Alimwaga mabibo kwenye beseni, akakikung'uta kikapu mchanga, akaingia ndani akatoka na sukari na majani ya chai, akaviweka ndani, maana kikapu cha mtu hakirudi kitupu.

"Mwambie Mama, Jumatatu nakuja nione mipaka," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, isipokuwa alikuwa ameshika ukingo wa kikapu kwa mikono miwili na alichelewa kuuachia.

"Nitamwambia. Kaka yake naye atakuwepo. Mvae viatu, kuna upupu."

"Subiri kidogo," nilimwambia.

Umeme ulikuwepo. Niliyaosha mabibo machache kwa maji ya chumvi, nikayakamua pale pale kwenye kile kitambaa chenye madoa. Papai lilikuwepo, na mtindi wa asubuhi. Juisi ya bibo ilikuwa na ukungu na sikungoja itulie. Nilimimina kwa mgongo wa kijiko. Matabaka yalikaa vibaya, mpaka wa papai na mtindi ukiwa umepinda, la juu likivuja kwenda la kati. Ukakasi ulikuwepo pia, nina hakika.

Nilimpelekea barazani. Alinyoosha mkono, kisha akauzuia hewani, akasubiri, akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Niliinua glasi, nikanywa funda. Ghorofa ikaanguka. Nikampa.